Kupigiwa nyumba mnada na kutangazwa muflisi: njia za mdaiwa nchini Kenya zikilinganishwa

Waliolemewa na mkopo huuliza swali hili mara kwa mara: nikijitangaza muflisi, benki itaacha nyumba yangu? Kwa sheria ya Kenya jibu ni hapana. Benki iliyoshika hati yako kama dhamana haizuiwi na amri ya ufilisi, na mnada wake unaendelea kama kawaida. Wanaosimamishwa na kuambiwa wapange foleni ni wadai wengine, kuanzia SACCO hadi mwenye duka aliyekupa mabati kwa deni.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Mitandao imejaa maelezo ya Marekani, na huko mambo ni tofauti kabisa. Mwenye nyumba Marekani akifungua kesi ya ufilisi chini ya Sura ya 13 ya sheria yao, mnada husimama papo hapo, naye hupewa miaka 3 hadi 5 kulipa malimbikizo kidogo kidogo huku akiendelea na malipo ya kila mwezi. Ndugu aliye Minnesota au Texas husikia hayo kwa wakili wa kule, akapiga simu nyumbani, na mtu wa Ruiru akaamini ana kinga ambayo Bunge la Kenya halijawahi kuitunga. Tanzania nayo ina Sheria yake ya Ardhi ya 1999 na sheria yake ya kufilisika, kwa hiyo siku nitakazozitaja hapa zisihamishiwe Dar es Salaam.

Hapa basi tuna mizigo miwili. Kuna njia za kuokoa nyumba, au angalau thamani iliyomo ndani yake, na kuna njia za kumtoa mtu kwenye madeni mengine yote. Anayetumia dawa ya mzigo mmoja kutibu mwingine hulipa wakili bure na kupoteza miezi ambayo hatairudishiwa.

Kila deni limeshika nini?

Kabla ya kulinganisha chochote, andika madeni yako yote kwenye karatasi moja, na mbele ya kila deni andika limeshika nini. Mkopo wa benki umeshika hati ya nyumba. Mkopo wa gari umeshika logbook. Mkopo wa SACCO umeshika akiba yako na za wenzako waliokudhamini. Fuliza ya M-Pesa, mikopo ya programu za simu, karo ya shule na bidhaa za dukani hazijashika kitu. Orodha hiyo peke yake hujibu nusu ya maswali, kwa sababu sheria ya ufilisi ina nguvu kwa madeni yasiyoshika kitu na ni dhaifu mno kwa yaliyoshika.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba anayepigiwa nyumba mnada mara nyingi hakuikopea nyumba yenyewe. Mabenki ya Kenya yana mikopo ya kununua nyumba yapata 30,000 tu kwa nchi nzima. Hati nyingine zimewekwa kwa ajili ya mtaji wa duka, lori, au zabuni ya kaunti ambayo malipo yake hayajatoka hadi leo. Baadhi ya hati hizo si za mkopaji kabisa, ni za mama au baba aliyetoa shamba ili kijana apate mkopo.

Ukiwa bado na karatasi hiyo mkononi, kagua pia hesabu ya benki. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinaweka kikomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba inayoendelea kuongezwa haiwezi kupita kiasi cha deni kilichokuwepo siku hiyo. Kama siku mkopo ulipoanguka ulikuwa unadaiwa milioni 2, benki haiwezi kukudai riba ya zaidi ya milioni 2 juu yake, ukiacha gharama za kukusanya deni. Kwa deni la mwaka mmoja kikomo hiki hakikusaidii chochote. Kwa deni la miaka minane kinaweza kupunguza mamilioni.

Notisi zinavyofuatana

Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kuamka asubuhi na kuuza nyumba yako. Ni lazima kwanza uwe umeshindwa kulipa kwa mwezi mmoja. Hapo, chini ya kifungu cha 90, anakupa notisi ya maandishi inayoeleza kosa lako, kiasi cha kulipa ili mambo yarudi sawa, na muda usiopungua miezi 3. Ukipita bila malipo, kifungu cha 96 kinamtaka atoe notisi ya pili, ya kuuza, yenye siku 40. Nakala ya notisi hii inapaswa kumfikia mwenzi wako, mdhamini, na wapangaji kama wapo. Kisha dalali anapewa kazi, naye, kwa Kanuni za Madalali za 1997, anakuachia notisi ya siku 45 za kukomboa mali. Zikiisha, mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Zikifuatana moja baada ya nyingine, hiyo ni miezi 7 hivi. Huo ndio mtaji mkubwa kuliko wote alionao mdaiwa, na ndio unaotapanywa zaidi. Notisi ya kwanza huja kwa barua ya kawaida ya wakili, Kiingereza kizito, kurasa mbili, na watu huiweka droo. Ya dalali ndiyo inayotisha, maana mtu anafika getini na karatasi yenye namba ya kiwanja chako na thamani ya nyumba yako. Kufikia hapo umebaki na siku 45 na mnunuzi hujampata.

Jambo moja zaidi kuhusu muda: haki yako ya kulipa deni lote na kurudishiwa hati inaishi hadi nyundo igonge. Ikigonga, imekwisha, hata ukifika kesho yake asubuhi na pesa mkononi.

Kuzungumza na benki

Kupanga upya mkopo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na inafaa kwa mtu mwenye tatizo la muda: mshahara ulichelewa, biashara ilidorora msimu mmoja, ugonjwa ulikula akiba lakini kazi bado ipo. Benki inaweza kurefusha miaka ya mkopo, kupokea riba tupu kwa miezi kadhaa, au kuyaunganisha malimbikizo na salio. Hakuna sheria inayoilazimisha kukubali. Inakubali ikiona hesabu.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu anaingia na barua ya kuomba huruma, na afisa wa kukusanya madeni, ambaye mezani ana mafaili marefu kuliko kichwa chake, anamjibu: "Mzee, sisi hatukatai kuongea. Lakini barua inasema utalipa mambo yakikaa sawa. Yatakaa sawa lini, na kwa shilingi ngapi?" Barua inayosikilizwa ina taarifa ya akaunti ya miezi 6, mkataba wa kazi au oda zilizopo, kiasi unachoweza kulipa kuanzia tarehe fulani, na ikiwezekana malipo fulani yaliyokwisha kuingia wiki hiyo. Jibu likitoka, lidai kwa maandishi. Makubaliano ya simu hayamzuii dalali.

Njia pacha ni benki nyingine kununua deni lako kwa masharti mepesi. Inawezekana kama bado hujaripotiwa vibaya CRB, ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji. Ukishaingia kwenye orodha hiyo mlango hujifunga, na rekodi haifutiki siku unayolipa, hukaa miaka 5. Kwa hiyo ombi la kuhamisha mkopo lifanywe mwezi wa kwanza wa matatizo. Mwezi wa sita umechelewa.

Mwenye nyumba ya wapangaji ana karata ya ziada. Kifungu cha 90 kinairuhusu benki kumteua mpokeaji wa kodi badala ya kuuza. Pendekeza mwenyewe kodi iende moja kwa moja benki. Vilevile, mwenye maisonette Syokimau anaweza kuipangisha, akahamia nyumba ya bei ya chini Athi River, na kodi ikabeba sehemu kubwa ya mkopo. Ni aibu ya mwaka mmoja au miwili machoni pa majirani. Sijaona kwa nini wengi huona afadhali mnada.

Kuuza mwenyewe au kusubiri nyundo

Hapa ndipo pesa nyingi hupatikana au kupotea, na tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu. Nyumba Kitengela ina thamani ya soko ya shilingi 8,000,000. Deni ni 5,600,000 kwa riba ya asilimia 16. Mwenye nyumba amepoteza kazi, na kusema kweli hana namna ya kuendelea.

Akiiuza mwenyewe ndani ya notisi ya kwanza, tuseme kwa haraka kidogo, anapata 7,600,000. Wakala na wakili wanachukua kama 300,000. Benki inalipwa 5,600,000 na riba ya miezi michache, tuseme 200,000. Anaondoka na milioni 1.5.

Akisubiri mnada, riba ya karibu 75,000 kila mwezi kwa miezi 8 inaongeza 600,000, bila kuhesabu adhabu. Dalali, mthamini, wakili wa benki na matangazo ya gazeti wanaongeza, tuseme, 300,000. Deni sasa ni 6,500,000. Nyumba inauzwa 6,000,000. Mtu huyu hana nyumba, hana pesa, na bado anadaiwa nusu milioni. Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi milioni 2.

Bei ya mnada huwa chini kwa sababu zinazoeleweka. Mnunuzi anatakiwa kuweka sehemu kubwa, mara nyingi robo ya bei, siku ile ile, na wenye pesa taslimu za namna hiyo ni wachache. Hajaingia ndani ya nyumba kuikagua. Anajua pia kwamba aliyemo anaweza kugoma kutoka. Sheria imejaribu kuweka sakafu: kifungu cha 97 kinamtaka mkopeshaji afanye uthamini kabla ya kuuza na atafute bei bora inayopatikana, na bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya ile ya soko, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo. Ukiangalia mfano wetu, 6,000,000 ni asilimia 75 ya 8,000,000. Imegota kwenye mstari, na benki nyingi huweka bei ya akiba, yaani ya chini kabisa watakayokubali mnadani, karibu na hapo hapo.

Kuuza mwenyewe hakuna siri. Unaiarifu benki kwa maandishi kwamba unatafuta mnunuzi, unaomba taarifa ya kiasi cha kumaliza deni, na mnunuzi akipatikana wakili wake anaiandikia benki ahadi ya kitaaluma ya kulipa, nayo inaachia hati na kuondoa dhamana. Mnunuzi kwa desturi hutanguliza asilimia 10, na kukamilisha mauzo huchukua siku 90 hivi. Hapo utaona kwa nini notisi ya miezi 3 ndiyo ya kutumia. Ukianza kutafuta mnunuzi siku dalali anapobandika karatasi, hesabu ya siku haikubali. Ile asilimia 10, ikiingizwa kwenye akaunti ya mkopo, huishawishi benki kusubiri kuliko barua kumi.

Kuhusu kodi: ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ila nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza imesamehewa. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 nje ya mji, ni wa mnunuzi.

Ushauri wangu kwa mtu ambaye nyumba yake ina thamani kubwa kuliko deni na kipato kimekatika ni mmoja: uza. Uza mapema, na usijifiche kwa majirani, maana mnunuzi huenda ni mmoja wao.

Kwenda mahakamani kuzuia mnada

Mawakili huipenda njia hii, na kuna nyakati inastahili. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, anayeomba zuio anatakiwa kuonyesha ana hoja yenye uzito, kwamba ataumia kwa namna ambayo fidia ya pesa haitoshi, na mahakama ikiwa na shaka inapima nani ataathirika zaidi. Hoja zenye uzito kwenye nyumba ni za taratibu: notisi haikukufikia, siku hazikutimia, uthamini haukufanyika, au nyumba ya familia iliwekwa dhamana bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Kifungu cha 79 hakina mchezo kwenye hilo la mwisho. Dhamana ya nyumba ya ndoa bila ridhaa hiyo haina nguvu.

Hoja zisizofika mbali ni kwamba nyumba ni urithi wa babu, kwamba watoto wanasoma shule ya jirani, au kwamba hesabu ya deni haiko sawa. Mahakama zimesema tena na tena kwamba ubishi juu ya kiasi pekee hauzuii mnada, na kwamba aliyeweka mali dhamana aliigeuza mwenyewe kuwa bidhaa inayouzika. Ukipata zuio kwa kosa la notisi, benki inarudi nyuma, inatoa notisi sahihi, na safari inaanza upya. Riba haikupumzika hata siku moja. Zuio linakununulia muda, na muda una faida tu kama una mnunuzi au pesa njiani.

Baada ya kuuzwa, mnunuzi wa mnada analindwa na sheria. Kosa lolote la benki au dalali utalidai kama fidia, nyumba hairudi.

Upande wa pili: sheria ya ufilisi

Sheria ya Ufilisi ya 2015 ilifuta ile ya kikoloni na kuleta njia kadhaa kwa mtu binafsi. Wengi wanaijua moja tu, ya kutangazwa muflisi, nayo mara nyingi si ya kwanza kuifikiria.

Iliyo nyepesi ni utaratibu wa wasio na mali. Ni kwa mtu ambaye madeni yake yote hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi milioni 4, hana mali ya kuuzika, hajawahi kuwa muflisi wala kuutumia utaratibu huu. Ombi linapelekwa kwa Mpokeaji Rasmi, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya ufilisi chini ya Business Registration Service. Ukikubaliwa, wadai wanazuiwa kukufuata, na baada ya miezi 12 madeni husika yanafutika. Mwenye nyumba hastahili kwa sababu ana mali. Lakini mkumbuke yule wa Kitengela baada ya mnada: hana nyumba, anadaiwa nusu milioni ya benki isiyo na dhamana tena, labda na laki 3 za simu na dukani. Sasa anastahili. Njia iliyokuwa imefungwa kabla ya mnada imefunguka baada yake, na karibu hakuna anayeambiwa hivyo.

Kuna amri ya kulipa kwa mafungu, pia kutoka kwa Mpokeaji Rasmi. Inamfaa mwenye mshahara na madeni madogo madogo yasiyo na dhamana. Wadai wanapokea kidogo kidogo kutoka mfuko mmoja, na simu za vitisho zinakoma.

Mapatano ya hiari na wadai ni ya mfanyabiashara ambaye bado ana mzunguko. Unaandaa pendekezo ukisaidiwa na mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, Mahakama Kuu inatoa amri ya muda ya kukukinga, wadai wanakutana na kupiga kura. Likipita, linawafunga hata waliopinga. Benki yenye hati haifungwi kuhusu dhamana yake bila kukubali yenyewe, ila mara nyingi huketi kwenye mkutano na kusikiliza, kwa sababu mpango unaowatuliza wadai kumi wengine unakuachia pesa za kuilipa yenyewe. Tatizo ni gharama. Kwa madeni ya laki 6 mtaalamu na wakili watakula kile kilichokusudiwa kwa wadai.

Mwisho ni kutangazwa muflisi. Unaweza kuomba mwenyewe Mahakama Kuu, au mdai akakuombea baada ya hati ya madai kupita siku 21 bila malipo. Mali zako zinahamia kwa mdhamini wa ufilisi, yaani msimamizi wa mali za muflisi, azigawe, ukiachiwa vifaa vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani. Kesi za madeni zinasimama, na pamoja nazo tishio la jela ya madai, ambayo kwa Kenya inaweza kufika miezi 6. Kwa mtu anayekimbizwa na hukumu za mahakama kila wiki, nafuu hiyo si ndogo.

Gharama yake haihesabiki kwa shilingi peke yake. Muflisi hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa, hawezi kutoka nchini bila idhini ya mdhamini huyo wa ufilisi, na Katiba ya 2010 inamfungia ubunge na udiwani wa kaunti hadi aachiliwe. Kuachiliwa huja kwenyewe baada ya miaka 3, lakini saa hiyo haianzi siku ya amri ya mahakama. Inaanza siku unapowasilisha taarifa kamili ya hali yako ya kifedha. Aliyepata amri na kuahirisha makaratasi kwa mwaka mzima amejiongezea mwaka mzima.

Mambo mawili huwaumiza watu baadaye. La kwanza: ufilisi wako haumwachilii aliyekudhamini kwenye mkopo. Wenzako wa ofisini waliosaini fomu za SACCO wataendelea kukatwa hata baada ya wewe kuwa huru, na hao utakutana nao kantini. Waambie kabla hawajasoma kwenye payslip. La pili: nyumba au shamba ulilomwandikisha shemeji kwa haraka kabla ya kuomba linaweza kurudishwa, maana sheria inatazama uhamisho wa miaka iliyotangulia. Deni lililotokana na ulaghai na matunzo ya watoto hayafutiki kwa njia hii.

Nani achague ipi

Mwenye kipato kinachoendelea na nyumba yenye thamani kuliko deni: apange upya mkopo, na kama benki haisikii, ahamishe. Sheria ya ufilisi asiiguse.

Aliyepoteza kipato lakini nyumba bado ina thamani juu ya deni: auze mwenyewe ndani ya notisi ya miezi 3, kisha madeni madogo ayamalize kwa kilichobaki. Kujitangaza muflisi hapa ni kukabidhi hiyo milioni 1.5 kwa wadai na gharama, na juu yake miaka 3 ya vikwazo.

Ambaye deni limeipita nyumba, na kuna mengine lukuki: huyu ndiye wa kufikiria ufilisi kwa uzito. Nyumba itaondoka kwa vyovyote. Swali ni kama atabaki na mzigo unaofikia milioni 4 au chini, ambapo utaratibu wa wasio na mali unatosha, au zaidi ya hapo, ambapo uchaguzi ni mapatano au kutangazwa muflisi. Mwenye biashara hai ajaribu mapatano. Mwenye mshahara tu, hasa wa serikali, amuulize kwanza wakili kama kazi yake inavumilia hadhi ya muflisi.

Na ambaye hati aliyoweka ni ya mzazi: huyu asihesabu haki zake peke yake. Mzazi naye ana haki ya notisi, ya kulipa na kukomboa, na ya kuomba mahakama. Ufilisi wa kijana hauiokoi hati ya mzee hata kidogo, kwa hiyo pesa yoyote inayopatikana iende kwenye mkopo huo kabla ya mwingine.

Mnada ukishapita, bado kuna karatasi ya kudai. Kifungu cha 101 kinapanga pesa za mauzo ziende wapi: kwanza kodi na ada za ardhi, halafu gharama za mauzo na deni lenyewe, kisha ziada yote inarudi kwako. Iandikie benki ndani ya wiki hiyo hiyo, omba hesabu kamili yenye bei iliyouzwa, kila gharama na risiti yake, na salio. Kama ni ziada, idai. Kama ni upungufu, hiyo ndiyo takwimu utakayoiandika kwenye fomu ya Mpokeaji Rasmi.